Faranga Moja kwa Mwaka

Mchele wa Tunda huanza safari yake juu ya baiskeli. Misheni hii ya Wamethodisti iko katika teritwari ya Kibombo, mkoa wa Maniema, mashariki ya Kongo, kusini ya Kindu, na haina reli wala mto mkubwa karibu. Magunia husukumwa kwa miguu hadi Kibombo penye stesheni, na hapo yanangoja treni ambayo huenda ikaja, huenda isije. Ikija, njia ni mbili. Kaskazini iko Kindu na bandari yake ya Lualaba, kisha Ubundu, kisha Kisangani na mto mpana unaokwenda Kinshasa. Kusini iko Kongolo, Kabalo na Kalemie, halafu ziwa Tanganyika, Kigoma, na reli ya Tabora mpaka Dar es Salaam.

Mchuuzi wa Kibombo hana haja ya kujua kwamba njia hizo zimewahi kuandikiwa mikataba ya mataifa, zikafikishwa mahakamani Ulaya, zikazua ubishi Dar es Salaam na New York. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Anayetaka kuelewa jinsi sheria ya kimataifa ilivyoifikia Afrika ya Kati, na jinsi Waafrika walivyoanza kuihoji, afuate mizigo ya Maniema. Njiani atakutana na swali lile lile kila kituo: nani alitia sahihi, na kwa niaba ya nani?

Sahihi za kwanza zilitiwa mbali sana. Mkutano wa Berlin ulikaa kuanzia 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885, wajumbe wakiwa wa nchi 14, toka Ujerumani mwenyeji hadi Dola ya Osmani na Marekani, ambayo mwishowe haikuiridhia hati yenyewe. Zanzibar, ambayo bendera yake ndiyo iliyojulikana Nyangwe na Kasongo huko Maniema, haikupewa kiti. Wala hakuna chifu wa bonde la Kongo aliyeulizwa.

Hati iliyotoka ina vifungu 38, na anayeisoma leo akitarajia kukuta ukatili ataukosa. Biashara itakuwa huru. Mto utapitwa na meli za mataifa yote. Hakuna atakayepewa ukiritimba. Wenyeji watahifadhiwa na hali yao itaboreshwa. Tena eneo la biashara huru halikuishia kwenye maji yanayoingia mto Kongo, bali lilinyoshwa mashariki mpaka Bahari ya Hindi. Kwa mchoro huo Maniema, Ujiji na Tabora ziliwekwa chini ya utaratibu mmoja kabla Mfalme Leopold wa Ubelgiji hajawa na kituo hata kimoja Maniema.

Leopold alikuwa na kitu kingine mkononi: makaratasi. Msafiri Stanley alijivunia mikataba zaidi ya 400 aliyoikusanya kwa niaba yake kutoka kwa machifu wa mto. Kwa vitambaa na zawadi nyingine, chifu aliweka alama yake chini ya maneno ya Kifaransa au Kiingereza yaliyosema kwamba anatoa enzi yake yote. Kwa karatasi hizo Chama cha Kimataifa cha Kongo, chombo cha Leopold, kilitambuliwa na mataifa ya Ulaya moja baada ya jingine, kikageuka dola. Hapa pana jambo ambalo wanasheria wa Ulaya wa wakati ule hawakulionea haya. Vitabu vyao vilisema machifu hao si watu wa sheria ya mataifa, hawana dola, hawawezi kudai haki mbele ya dola. Lakini mikono yao ilitosha kuhamisha dola nzima. Walikuwa na hadhi ya kuiuza nchi, ila si ya kuitetea.

Huku juu, Maniema haikutia sahihi yoyote. Hapa mwenye nguvu alikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyeitawala njia ya pembe za ndovu kutoka Kasongo. Naye akaandikiwa mkataba wake. Tarehe 24 Februari 1887, Zanzibar, alikubali kuwa wali wa Leopold katika Stanley Falls kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Masharti yalikuwa apeperushe bendera ya Dola Huru ya Kongo, azuie biashara ya watumwa chini ya maporomoko, akae na afisa wa Kizungu pembeni yake. Biashara yake mwenyewe aliachiwa. Kisha akapanda meli pamoja na Stanley, wakazunguka Afrika yote kwa kusini mpaka mlango wa mto Kongo, ili aende kuwa mtumishi katika nchi ambayo alikuwa akiitawala tangu zamani.

Wengi wamemcheka kwa pauni hizo 30. Mimi nadhani alijua hesabu. Katika maisha yake, aliyoyaeleza mwenyewe kwa Kiswahili, anasimulia jinsi Sultani Barghash alivyomkiria kwamba bara limemshinda, maana Wazungu wanamgombania hata kisiwa chake. Mtu ambaye mfalme wake amesalimu amri kwa hati ya watu wengine hakuwa na pa kukata rufaa. Alichoweza ni kuuza jina lake kwa muda, na ndicho alichofanya.

Muda huo haukuwa mrefu. Kuanzia 1891 maagizo ya Leopold yalifanya pembe na mpira kuwa mali ya dola yake, kinyume kabisa na kile kifungu kilichokataza ukiritimba, na hakuna taifa lililotia sahihi Berlin lililompeleka popote. Vita vya 1892 hadi 1894 dhidi ya wafanyabiashara wa Kizanzibari vikaisafisha njia. Nyangwe ilianguka Machi 1893, Kasongo mwezi uliofuata. Ngongo Lutete, aliyemwacha Tippu Tip akaenda upande wa Wabelgiji na bila yeye wasingeshinda upesi vile, alihukumiwa na maafisa wa upande huo huo na kupigwa risasi Ngandu, Septemba 1893. Mikataba aliyofanya nao haikumsaidia kitu.

Baada ya ukatili wa mpira na kelele za dunia, Ubelgiji iliichukua Kongo kutoka kwa mfalme wake mwaka 1908. Wakati huo reli ilikuwa imeshaanza. Kampuni ya CFL, iliyoundwa 1902, ilijenga kilomita 125 kukwepa maporomoko kati ya Stanleyville na Ponthierville, yaani Kisangani na Ubundu za leo, kisha kilomita 355 kati ya Kindu na Kongolo, kisha kilomita 273 kutoka Kabalo mpaka Albertville, ambayo sasa ni Kalemie. Kindu ni mji uliozaliwa na kazi hiyo: mahali meli inapoishia na behewa linapoanzia. Kipande cha ziwani kilifika 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimeshaanza, na mwaka uliofuata askari wa Force Publique, jeshi la koloni, na maelfu ya wapagazi walivuka upande wa pili. Kigoma ilichukuliwa, Tabora ikachukuliwa tarehe 19 Septemba 1916.

Hapo ndipo panapoanza faranga iliyoandikwa juu ya habari hii. Vita vilipokwisha, Waingereza na Wabelgiji waligawana Afrika Mashariki ya Wajerumani. Ubelgiji ilipata Ruanda na Urundi, ikaachia Kigoma na Tabora, lakini haikutaka kupoteza njia ya baharini. Wajerumani walikuwa wamekwisha kujenga reli nzima toka Dar es Salaam hadi Kigoma, na mizigo ya mashariki ya Kongo ilikuwa na njia fupi huko kuliko kuzunguka mto na maporomoko yake hadi Matadi. Kwa hiyo tarehe 15 Machi 1921 Uingereza na Ubelgiji zikatia sahihi mkataba wa kuipa Ubelgiji viwanja viwili vya bandari, kimoja Kigoma na kimoja Dar es Salaam. Mizigo ya kwenda na kutoka Kongo na Ruanda-Urundi ipite bila ushuru wa forodha. Kodi ya viwanja: faranga moja kwa mwaka. Muda: milele.

Viwanja hivyo vilijulikana kwa jina la Belbase. Mkataba uliongezewa masharti mengine mwaka 1951, lakini lile neno milele likabaki. Tuangalie nani alikuwa anatoa nini. Tanganyika haikuwa mali ya Uingereza. Ilikuwa nchi iliyowekwa chini ya uangalizi wake, kwanza na Shirikisho la Mataifa, baadaye na Umoja wa Mataifa, na uangalizi huo kwa maandishi yake wenyewe ulikuwa na mwisho. Mwangalizi mwenye muda akamkodisha jirani kiwanja kisicho na muda, na kwa miaka 40 hakuna aliyeona kasoro, kwa sababu aliyestahili kuiona hakuwa mezani.

Upande wa mto nako sheria ilikuwa ikifanya kazi, na kwa wapenzi wa mahakama hii ndiyo kesi tamu kuliko zote. Mwingereza mmoja, Oscar Chinn, alianzisha mwaka 1929 biashara ya usafirishaji mtoni akiwa Léopoldville. Mshindani wake alikuwa Unatra, kampuni ambayo serikali ilishika zaidi ya nusu ya hisa zake. Bei za mazao ya makoloni zilipoanguka duniani, Waziri wa Makoloni wa Ubelgiji aliagiza tarehe 20 Juni 1931 kwamba Unatra ishushe nauli mpaka kiwango cha jina tu, na hasara itafidiwa kwa fedha za serikali. Nani tena angempelekea Chinn mzigo? Mwezi uliofuata alifunga shughuli zake. Serikali yake ikalichukua jambo hilo, na tarehe 12 Desemba 1934 Mahakama ya Kudumu ya Haki ya Kimataifa, huko The Hague, ikatoa hukumu.

Uingereza ilidai kwamba uhuru wa biashara ulioahidiwa Berlin, na kuandikwa upya Saint-Germain-en-Laye mwaka 1919, umevunjwa. Mahakama ilisema hapana: uhuru wa biashara ni ruhusa ya kufanya biashara, hauwi kinga ya kutoshindwa. Kura zilikuwa 6 dhidi ya 5, tofauti ya jaji mmoja. Kati ya watano walioshindwa, Walther Schücking na Willem van Eysinga waliuliza jambo zito zaidi: je, mataifa machache yaliyokutana Saint-Germain yangewezaje kubadili kati yao wenyewe hati iliyotiwa sahihi na wengi Berlin? Wanafunzi wa sheria hufundishwa kesi hii mpaka leo kwa ajili ya swali hilo.

Ni swali zuri. Lakini mtu wa Kibombo aisome hukumu hiyo aone. Majaji 11 wanagombana juu ya ridhaa ya Uholanzi au Uswidi katika mambo ya mto Kongo, na katika hukumu nzima Mkongo hatokei kama mtu mwenye ridhaa. Yeye ndiye aliyekuwa akikata kuni za meli hizo za moshi kila kituo. Yeye ndiye aliyelima. Na hapo pana uhuru wa biashara ambao hakuna aliyeupeleka The Hague: Maniema ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza za Kongo kulazimishwa kulima pamba, tangu miaka ya mwisho ya Vita vya Kwanza, na baadaye mkulima alitakiwa kuiuza kwa kampuni moja iliyopewa eneo lake, kwa bei aliyopangiwa. Kama neno ukiritimba lilikuwa na maana yoyote, lilikuwa kwenye ghala la pamba. Chinn alikuwa na serikali ya kumsemea. Mkulima wa pamba serikali yake ndiyo iliyomtumia mnyapara.

Turudi Tunda. Wamethodisti walikuwa wamefika Wembo Nyama mwaka 1914 na Tunda katika miaka ya 1920, wakajenga makanisa, shule na hospitali. Waandishi wa maisha ya Patrice Lumumba wanasema kijana huyo, mzaliwa wa Onalua upande wa Sankuru, alipita Tunda kwenye mafunzo ya uuguzi mwanzoni mwa miaka ya 1940, hakuyamaliza, akaenda kutafuta kazi kwenye migodi ya bati Kalima, na baadaye Stanleyville. Kinachonivutia ni namna alivyosoma karatasi za wakubwa miaka isiyofika 20 baada ya hapo.

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku 10 baadaye majeshi ya Ubelgiji yaliingia tena bila ruhusa, na Katanga ikatangaza kujitenga tarehe 11 Julai. Rais Kasavubu na Waziri Mkuu Lumumba walipeleka simu za maandishi New York. Tarehe 14 Julai Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 143: Ubelgiji iondoe majeshi, na Katibu Mkuu aipe serikali ya Kongo msaada wa kijeshi kwa kushauriana nayo. Katibu Mkuu huyo, Dag Hammarskjöld, alifika Katanga na kuzungumza na Tshombe, kiongozi wa waliojitenga. Katika waraka wa mwezi Agosti alieleza kwamba Umoja wa Mataifa hauwezi kusaidia upande wowote katika ugomvi wa ndani, akishika maneno ya azimio jingine, namba 146. Lumumba alimjibu kwa barua kifungu kwa kifungu. Azimio linasema kushauriana na serikali, akasema, na serikali ni hii hapa. Hukushauriana nasi. Msaada umeagizwa upewe serikali, nawe umeufanya wa kutokuwa na upande kati ya serikali na waasi.

Katika vitabu vingi barua hizo za Agosti 1960 hutajwa kama dalili ya hasira za Lumumba. Ukizisoma bila haraka ni hoja za sheria, na hoja zenyewe si dhaifu. Anadai maandishi yafuatwe. Kosa lake, kama ni kosa, ni kuamini kwamba azimio lililotaja jina la serikali yake limeipa serikali hiyo haki ya kulitafsiri. Miezi mitano baadaye, 17 Januari 1961, aliuawa Katanga.

Mwaka huo huo, Novemba, ncha mbili za njia yetu zilisikika duniani kwa wakati mmoja. Tarehe 11, Kindu, ndege mbili za Kiitaliano zilizoletea kikosi cha Umoja wa Mataifa cha Wamalaya mahitaji yao zilitua. Askari wa Kongo waliwadhania wafanyakazi wa ndege hizo kuwa mamluki wa Tshombe na wakawaua wote 13. Ni unyama, na hakuna hoja ya sheria ya kuusafisha. Tarehe 24, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 169 ambalo hatimaye liliruhusu nguvu itumike kuwaondoa mamluki Katanga. Kile Lumumba alichoomba kilipatikana akiwa amekwisha kufa miezi 10.

Na tarehe 30 Novemba, Dar es Salaam, Julius Nyerere alisimama katika Bunge la Tanganyika, siku 9 kabla ya uhuru, kuzungumzia mikataba. Belbase ilikuwa moja ya mambo aliyoyagusa. Hoja yake haikuwa na matusi kwa Wabelgiji. Uingereza, alisema kwa maana, haikuwa na haki ya kudumu Tanganyika. Haiwezekani mwenye haki ya muda awape wengine haki ya milele. Mpangaji wa chumba hawezi kukipangisha maisha. Kwa hiyo Tanganyika huru haifungwi na mkataba wa 1921 wala nyongeza ya 1951. Mizigo ya Kongo, Rwanda na Burundi itaendelea kupita kama ilivyokuwa, lakini kwa makubaliano na serikali ya nchi.

Alifika mbali zaidi ya viwanja viwili. Tanganyika iliuandikia Umoja wa Mataifa kwamba mikataba ya nchi mbili mbili iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza itaheshimiwa kwa miaka miwili tangu siku ya uhuru. Katika muda huo kila mmoja utaangaliwa: unaofaa utafanywa upya, usiofaa utazungumzwa. Miaka miwili ikiisha, ambao haukufanywa upya umekufa, isipokuwa ule ambao sheria ya mila ya mataifa ingeushikilia hata hivyo. Wanasheria waliiita Kanuni ya Nyerere. Uganda na Kenya zilitoa matamko ya mtindo huo, na nchi nyingine za Afrika zikafuata kwa namna zao.

Kulikuwa na njia mbili rahisi. Ya kwanza ni kurithi kila kitu, ndiyo Uingereza iliyopendelea, kwa kutiliana sahihi hati ya urithi siku ya uhuru. Ya pili ni kuvitupa vyote jalalani. Nyerere alichagua kukaa mezani na kuuliza mkataba mmoja mmoja: huu nani aliufanya? Kazi hiyo ilihitaji watu wa kuifanya, na mmoja wa wanasheria walioisaidia Tanzania kuipanga sera yake ya mikataba alikuwa Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda. Mwaka 1952 alikuwa wakili wa Wameru waliofukuzwa Ngare Nanyuki, akafuatana na msemaji wao Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa. Wameru hawakurudishiwa ardhi, lakini Japhet alikuwa Mtanganyika wa kwanza kusema mbele ya Umoja huo, na Seaton alirudi akijua meza ile inavyofanya kazi.

Tarehe 4 Julai 1962 Tanganyika iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba haitambui makubaliano ya 1929 ya maji ya Naili, ambayo Uingereza iliyafanya na Misri kwa kubadilishana barua. Lilikuwa swali lile lile la kiwanja cha Kigoma, safari hii juu ya ziwa Viktoria. Na mwaka 1978 mkataba wa Vienna juu ya urithi wa mikataba ukaweka katika kifungu cha 16 kwamba dola mpya iliyotoka kwenye ukoloni haifungwi na mikataba ya mtawala wake wa zamani. Wanazuoni wa Kenya kama Makau Mutua na James Thuo Gathii, pamoja na wenzao wa India na Sri Lanka, walikuja kujenga juu ya maswali haya shule nzima ya fikra. Hoja yao ni kwamba ukoloni haukuwa dosari iliyoipitia sheria ya mataifa kwa bahati mbaya. Sheria hiyo ilijengwa ikishughulika nao.

Jambo moja Nyerere hakulihoji, na ni kubwa. Julai 1964, Cairo, ndiye aliyesimamia azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika la kuiheshimu mipaka iliyokutwa siku ya uhuru. Mkono ule ule uliokataa faranga ya 1921 ukaukubali mstari wa Berlin na ule wa Waingereza na Wabelgiji. Wapo wanaoiona hii ni kujipinga. Sioni hivyo. Kiwanja cha Kigoma ukikifungua upya unapata mazungumzo na Brussels. Mpaka ukiufungua upya unapata vita, na Maniema ni mahali panapoweza kulithibitisha hilo. Oktoba 1996 Rais Pasteur Bizimungu wa Rwanda alizungumza hadharani juu ya sehemu za Kongo zilizokuwa za Rwanda, akataka mkutano wa pili wa Berlin. Mwezi huo vita vilikuwa vimeanza.

Vita vya pili, vya 1998, viliifikia Kindu mwezi Oktoba, ilipotekwa na RCD, kundi la waasi lililoungwa mkono na Rwanda. Bati na koltani za Maniema ziliondoka kwa ndege. Mwaka 2002 wapiganaji wa Mai-Mai waliuzunguka mji, njia za vyakula zikafungwa, watu wakafa njaa katikati ya mkoa unaosifika kwa mchele. Baiskeli zilikuwa zikisukumwa usiku, na aliyezisukuma alilipa kila kizuizi.

Kongo ilikwenda The Hague tena, mara hii kwa miguu yake yenyewe. Mwaka 1999 ilizishtaki Burundi, Rwanda na Uganda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Kesi ya Uganda iliendelea kwa sababu Uganda ilikuwa imekubali mamlaka ya mahakama hiyo tangu 1963. Tarehe 19 Desemba 2005 majaji waliamua kwamba Uganda ilivunja sheria kwa kuivamia Kongo, kuikalia Ituri na kutozuia uporaji wa mali ya asili. Kongo ilidai fidia ya zaidi ya dola bilioni 11. Hukumu ya 9 Februari 2022 ilitoa dola milioni 325: milioni 225 kwa watu waliouawa na kuumizwa, 40 kwa mali, 60 kwa mali ya asili. Uganda ilianza kulipa mwaka huo huo, milioni 65 kwa awamu.

Rwanda haikuwahi kuyakubali mamlaka hayo. Kongo ilifungua kesi mpya mwaka 2002, ikatafuta mlango katika mikataba mingine, ukiwamo ule wa mauaji ya kimbari. Lakini Rwanda ilikuwa imekataa kufungwa na kile kifungu kinachoipa mahakama kazi. Tarehe 3 Februari 2006 majaji walisema hawana mamlaka, na wakaongeza kwamba kutokuwa na mamlaka si kusema hakuna kilichofanyika. Kwa hiyo aliyepoteza nyumba Kisangani, majeshi ya Uganda na Rwanda yalipopigana humo Juni 2000, ana hukumu ya kuishika, angalau kwa mabomu ya upande mmoja. Wa Kindu hana. Tofauti kati yao ni tamko fupi ambalo Kampala ililitoa mwaka 1963 na Kigali haikulitoa.

Mwaka 2023 Kongo iliipeleka Rwanda mahakama nyingine, ya karibu zaidi: Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha. Mwaka 2016 Rwanda ilikuwa imetangaza kuliondoa tamko linaloruhusu mtu binafsi kuishtaki huko, na Tanzania, mwenyeji wa mahakama na nchi ya Kanuni ya Nyerere, ikafanya vivyo hivyo Novemba 2019. Lakini dola dhidi ya dola ni mlango mwingine, na itifaki ya mahakama Rwanda iliiridhia yenyewe, kwa sahihi yake, bila mwangalizi wala mfalme wa kuitilia. Mawakili wa Kigali walipinga mamlaka. Tarehe 26 Juni 2025 majaji waliyakataa mapingamizi hayo na kuamua kwamba shauri litasikilizwa.